Rupia ya Vita: Angalia Muhuri Kabla ya Bei

Ukikuta rupia ya karatasi ya Kijerumani kwenye sanduku la marehemu babu, Ngara au Biharamulo, mnunuzi wa kwanza atakutajia bei kwa kutazama tarakimu kubwa na jinsi karatasi ilivyochakaa. Usikubali upesi. Thamani imejificha kwenye tarehe, herufi, saini na mihuri.

Vita ya 1914 ilipofunga njia ya bahari, noti mpya kutoka Ujerumani hazikufika. Deutsch-Ostafrikanische Bank, benki ya koloni, ikachapa za muda humu nchini kuanzia 1915, za rupia 1 hadi 200. Saini nyingine ni za wino wa mkono, nyingine za chapa. Za rupia 1 zilitolewa kwa wingi, na leo mara nyingi huuzwa kwa makumi ya dola; za 200 hufikia mamia.

Noti za 1917 zina habari zake. Jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa limesukumwa kusini, na noti za porini zikagongwa kwa herufi za mpira. Baadhi zina herufi EP nyuma. Lakini Wabelgiji, maadui wa Wajerumani, walikuwa wameingia Biharamulo tangu Juni 1916! Anayekuuzia noti ya 1917 kwa kudai ilitoka bomani hapo, mwulize ilifikaje. Huenda mpagazi wa jeshi alirudi nayo, ila hadithi pekee isiongeze bei.

Muhuri nao uchunguzwe kwa lenzi. Wino ukizama ndani ya mkunjo wa zamani, umegongwa baada ya karatasi kuchakaa, na pengine juzi tu.

Kuuza nyumbani hakuna gharama, ila utapata bei ya chini kuliko zote. Mnada wa nje hukata kamisheni, lakini kwanza unatuma picha tu, mbele na nyuma. Kupima ubora kwa wataalamu wa Marekani hugharimu makumi ya dola kwa noti moja, kabla ya posta. Kwa rupia 200 nakushauri ulipe; kwa rupia 1 ya kawaida gharama itameza bei yote.

Usiioshe noti, usiipige pasi, wala usiibandike selotepu. Iweke kwenye mfuko wa plastiki usio wa PVC, na picha ya nyuma ipigwe hata kama upande huo unaonekana mtupu: ndiko zilikogongwa herufi kama EP.