Divai na Chombo Chake

Mkulima akitaka kutengeneza divai ya zabibu, au ya pasheni, au ya asali, hufikiri sana juu ya matunda, sukari na hamira. Chombo hakifikirii. Huchukua pipa lililo karibu, akaliosha, akamimina. Hapo ndipo taabu inapoanzia, maana maji ya matunda ni makali, na ukali huo hula madini, kama vile ndimu inavyong'arisha sufuria iliyochafuka. Kile kilichobanduka hakikupotea. Kimo ndani ya maji.

Jaribu wewe mwenyewe. Chukua msumari wenye kutu, utie katika kikombe cha chai isiyo na maziwa, uache mpaka kesho. Utaona chai imekuwa nyeusi kama wino. Nayo ni wino kweli, kwa kuwa zamani wino wa kuandikia ulitengenezwa kwa chuma na maji ya mimea yenye ukakasi. (Chai hiyo imwage, usinywe.) Divai nyekundu ina ukakasi wa namna hiyo hiyo. Chuma kikizidi kiasi cha miligramu 10 katika lita moja, divai nyekundu huanza kupata weusi, na ile nyeupe hupata ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Mnunuzi akiona hivyo hainunui, hata kama zabibu zako zilikuwa nzuri namna gani.

Wala hasara si ya soko tu. Tangu mwaka 1929 madaktari wameandika habari za watu wa kusini mwa Afrika waliokutwa na chuma kingi mno katika maini yao. Sababu moja kubwa ilikuwa pombe ya kienyeji iliyopikwa katika mapipa ya chuma. Pombe ile ilikuwa na chuma mara nyingi kuliko divai ya dukani, nao waliinywa mwaka baada ya mwaka, mpaka ini likaharibika. Wazee wetu waliotia muratina katika kibuyu hawakuwa na shida hiyo.

Pipa la bati au debe lililopakwa zinki ni baya pia. Najua katika skimu zetu pipa kama hilo ni mali, na kwa maji ya kunywa ya ng'ombe halina neno. Lakini maji ya matunda yakilala humo huyeyusha zinki, na mtu akiyanywa hushikwa na kichefuchefu, kutapika na tumbo kukata. Watu wengi hudhani ni divai iliyochacha.

Risasi ndiyo mbaya kuliko yote, kwa sababu haijionyeshi. Chuma hutia weusi, shaba hutia ladha ya senti mdomoni, bali risasi hutia utamu. Warumi wa kale walichemsha maji ya zabibu mpaka yakawa mazito, kisha wakayatia katika divai. Mwandishi wao wa mambo ya kilimo, Columella, aliwashauri watumie vyungu vya risasi badala ya vya shaba, kwa kuwa shaba huharibu ladha. Kuhusu shaba alisema kweli. Katika miaka ya 1690, mjini Ulm, Ujerumani, daktari Eberhard Gockel aliona watawa waliokunywa divai wakipata msokoto wa tumbo, na wale wasioinywa wakiwa wazima. Alipofuatia jambo hilo akakuta kwamba divai ilitiwa dawa ya risasi ili kupunguza ukali wake.

Habari ya wakulima wa Devon, Uingereza, inatuhusu zaidi. Wao walitengeneza kinywaji cha matufaha, na kwa miaka mingi watu wa huko walipata msokoto wa tumbo na kupooza mikono. Walisema ni ukali wa matufaha. Mwaka 1767 daktari George Baker, naye mzaliwa wa Devon, alieleza kwamba mashinikizo yao yalizibwa kwa risasi. Alipima kinywaji chao akakuta risasi ndani yake, akapima kile cha Hereford, ambako hawakutumia risasi, asiikute. Wenye mashinikizo walimkasirikia sana. Hata hivyo, risasi ilipoondolewa ugonjwa ulipungua.

Siku hizi tunajua kwamba risasi hudhuru akili za watoto, figo na damu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kisicho na madhara. Kwa divai ya mavuno ya 2019 na kuendelea, Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Divai limeweka mpaka wa miligramu 0.10 kwa lita. Shaba imeruhusiwa miligramu 1, yaani mara kumi ya hiyo.

Shaba haitoki katika chombo peke yake. Anayelima kahawa anaijua dawa ya mrututu, na mizabibu hupigwa dawa hiyo hiyo tangu Millardet alipoitangaza huko Bordeaux mwaka 1885. Hamira hupunguza sehemu kubwa ya shaba divai inapochachuka, lakini usiitegemee hamira kufuta uzembe. Acha kunyunyiza mapema kabla ya kuvuna, kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Kuna wanaotia kipande cha shaba katika divai inayonuka yai bovu. Harufu huondoka kweli, ila asiye na kipimo hawezi kujua ametia shaba kiasi gani.

Basi tumia chupa za kioo, mapipa ya mbao, plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini yafaa kuoshea matunda, si kulazia divai. Chombo cha enameli kikibanduka kiache. Kitu chochote chenye lehemu ya zamani, hasa rejeta ya gari, kisiguse kinywaji. Huko Marekani waliotonesha pombe kwa rejeta wamewapa watu sumu ya risasi. Na kabla ya kutengeneza divai ya kuuza, pata leseni, kama sheria ya vileo ya 2010 inavyotaka.

Tazama bilula pia. Mtu hununua pipa zuri la plastiki, kisha akalitia bilula ya shaba ya njano, ambayo aghalabu huwa na risasi kidogo ndani yake, na divai hulala humo usiku kucha. Mwulize mwenye duka ile ya plastiki ya chakula kabla hujalipa.