Gesi ya Shilingi Elfu Moja

Kwa miaka mingi mkaa umeishinda gesi katika nyumba za Dar es Salaam, na bei si sababu pekee. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye shilingi elfu moja anapika leo, na kesho akipata nyingine anapika tena. Mtungi wa gesi unadai fedha zote kwa mkupuo, na mtu anayelipwa kwa siku mkupuo huo hana. Hata akipewa jiko na mtungi bure, gesi ikiisha mtungi unahamia uvunguni, na mkaa unarudi.

Kampuni ya KopaGas, iliyoanzia Tanzania, iliona kuwa kinachokosekana ni kipimo, ikaweka mita kwenye mtungi. Ndani ya mita mna valvu, kihisi kinachopima gesi inayopita, betri na laini ya simu. Mteja akituma fedha kwa simu, malipo yanafika kwenye kompyuta za kampuni, nazo zinaiagiza mita itoe gesi ya kiasi hicho cha fedha. Salio likiisha, valvu inajifunga. Mtungi ukikaribia kuisha, taarifa inafika kwa wasambazaji, na mwingine unaletwa kabla maharage hayajakwama jikoni. Mwaka 2020 kampuni ya Circle Gas ya Uingereza iliinunua teknolojia hiyo katika mkataba wa dola milioni 25 za Marekani. Nchini Kenya huduma hiyo inajulikana kwa jina la M-Gas, kwa ushirikiano na Safaricom.

Hiyo ndiyo intaneti ya vitu: kifaa kinahisi, kinatuma taarifa, kinapokea agizo na kutenda. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1999, Kevin Ashton alipokuwa Procter & Gamble akitafuta namna bidhaa zitakavyojitambulisha kwa kompyuta bila mtu kuziandika. Wengi wetu tukilisikia tunafikiria friji yenye kioo cha kugusa na taa zinazowashwa kwa simu. Sioni biashara kubwa ya kwetu huko. Naiona katika kukigawa kitu cha bei kubwa kiwe mafungu ambayo mtu wa kipato cha siku anayamudu. M-KOPA, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2011, ilifanya hivyo kwa umeme wa jua: laini ya simu ndani ya kisanduku cha betri, malipo madogo ya kila siku, na umeme unaokatika kwa mbali mteja asipolipa. Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, ndiye aliyekuwa ameisukuma M-Pesa alipokuwa Vodafone. Uhusiano huo una maana, kwa sababu bila pesa za simu, mita haina namna ya kujua nani kalipa shilingi mia tano saa mbili usiku. Katika jambo hili Afrika Mashariki tulitangulia, na tunapaswa kulijua hilo tunapopanga biashara.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mita na ufungaji wake vinagharimu shilingi 100,000. Nyumba inayokuachia faida ya shilingi 5,000 kwa mwezi itarudisha fedha hizo baada ya miezi 20. Nyumba inayochemshia chai tu kwa gesi na kuuachia mkaa maharage, ikakupa 2,000, itakuweka miezi 50. Katika miaka hiyo minne na zaidi betri itachoka, data ya laini italipiwa kila mwezi, na fundi atatumwa mara kadhaa. Biashara nyingi za aina hii zinabanwa hapo, hata kama kifaa chenyewe ni kizuri. Lakini mita hiyohiyo inakuonyesha mapema nyumba ipi inapika nini na lini, mtaa upi unastahili gari la mitungi kila siku na upi mara moja kwa wiki. Mwenye kuzisoma namba hizo kwa makini anaokoa mafuta, muda na mtaji.

Kwa upande wa ufundi, vizuizi vimepungua sana. Bodi ndogo ya kompyuta ya ESP32 kutoka China, yenye Wi-Fi na Bluetooth, inapatikana kwa dola chache. Kihisi kilichopangwa vizuri hulala karibu muda wote, huamka kwa sekunde chache kutuma ujumbe, na hivyo betri hudumu. Shambani, redio za LoRa hufikisha ujumbe mfupi kilomita kadhaa bila laini ya simu. Fikiria kituo cha kukusanyia maziwa Tanga au Njombe: tangi linatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 4, umeme unakatika usiku wa manane, na asubuhi maziwa ya wafugaji wote yamechacha. Kihisi kinachompigia simu mlinzi ili awashe jenereta kinalipwa na maziwa ya usiku mmoja.

Usalama usiachwe uwe wa mwisho. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba mashambulizi yake dhidi ya Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watumiaji kwenye tovuti, yaliwafanya watu wengi wa Marekani washindwe kufungua Twitter na Netflix. Mita ya gesi inagusa moto, na inajua umesafiri lini na mwezi gani hali ilikubana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya inayo yake ya 2019. Anayekusanya taarifa za jikoni kwa mtu anawajibika kwa sheria hizo tangu mteja wa kwanza.

Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034. Lengo hilo litahitaji mafundi wa mita, waandishi wa programu na wasambazaji kila wilaya. Kijana unayetaka kuingia, usianze kwa kuagiza vifaa. Mtafute kwanza mfanyabiashara mmoja anayeijua hasara yake kwa shilingi, na ambaye yuko tayari kukulipa kila mwezi ukiizuia.