Usiweke lenzi ya kilo mbili juu ya miguu ya kushikia simu

Mtaani Mukuru kwa Reuben, kijana akipata lenzi ndefu, habari huwa imeenea kabla ya jioni. Kila mtu anataka kuichungulia, watoto wanataka kuona kama inafika hadi mwezini. Hakuna anayeuliza itasimama juu ya nini. Na hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu lenzi ya kuvuta mbali bila miguu ya kuibeba ni kama bodaboda bila stendi: ukishuka tu, iko chini.

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaosaka riziki kwa kamera, ukipiga mechi za mtaa, ndege, wanyama au sherehe, hii ni hesabu ya kufanya kabla hujalipa dhamana ya kukodi lenzi, sio baada.

Tuanze na uzito. Lenzi ambazo vijana wengi hukodi au kununua zikiwa zimetumika ni zile za 150-600mm. Sigma ya Contemporary ina karibu kilo 1.9. Tamron ya G2 iko kama kilo 2, na Nikon ya 200-500mm inafika kilo 2.3. Ongeza kamera, na mzigo unakaribia kilo 3. Zile kubwa za 600mm f/4 ni mambo mengine: Canon iliyotoka 1999 ina zaidi ya kilo 5, ingawa ile ya 2018 ilipunguzwa hadi karibu kilo 3.

Uzito wenyewe ni nusu tu ya shida. Lenzi inayomkuza ndege hukuza pia mtetemo wa mkono wako. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kasi ya shata isishuke chini ya moja kwa urefu wa lenzi, yaani ukiwa 600mm usipite chini ya 1/600 ya sekunde. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo. Kwenye Nikon au Sony za aina hiyo, 600mm inakuona kama 900mm, kwa hivyo weka 1/1000. Mchana wa jua kali, sawa. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na lenzi yako ikiwa inafunguka mwisho f/6.3, mwanga huo hauko. Kidude cha kutuliza mtetemo ndani ya lenzi kitakusaidia kiasi, lakini hakiwezi kukubebea kilo 3 kwa saa mbili ukingoja simba aamke.

Usiamini kibandiko cha boksi

Pita Luthuli au Moi Avenue na utapata tripodi imeandikwa inabeba kilo 5. Usikimbilie. Watengenezaji hawapimi kwa njia moja, na kubeba bila kuvunjika si sawa na kubeba bila kutetemeka. Wapiga picha wengi huchukua uzito wa mzigo wao na kuuzidisha angalau mara mbili. Una kilo 3? Tafuta ya kilo 6 kwenda juu, na kichwa chake vilevile. Kama kichwa kinabeba kidogo kuliko miguu, hesabu ile ndogo.

Halafu tazama miguu yenyewe. Bomba la juu likiwa na upana wa milimita 28 hadi 32, uko mahali pazuri. Miguu ya vipande vitatu husimama imara kuliko ya vipande vitano, kwa sababu kila kiungo ni mahali pa kulegea na kipande cha mwisho huwa chembamba kama kijiti. Ya vipande vingi hujikunja fupi na kuingia kwa begi, ndio, na ukipanda matatu hiyo ni raha. Lakini raha hiyo utailipia kwa picha zenye ukungu.

Kuna ile nguzo ya katikati inayopandishwa juu. Isahau. Ukiinua nguzo hiyo na lenzi nzito juu yake, umegeuza miguu mitatu kuwa mguu mmoja mrefu unaocheza. Chagua tripodi inayokufikia machoni bila nguzo, ukikumbuka kwamba kichwa na kamera vitaongeza urefu pia.

Alumini au kaboni? Kaboni ni nyepesi na hutuliza mtetemo haraka, lakini bei yake inauma. Alumini nene ni afadhali kuliko kaboni nyembamba. Kama unatembea kutoka nyumbani hadi stejini na mzigo mgongoni, utasikia tofauti, lakini hiyo ni starehe ya baadaye.

Kichwa ndicho kinachoamua

Kichwa cha mpira, kile cha kugeuka pande zote, ni kizuri kwa lenzi fupi. Kwa lenzi ndefu kina tabia mbaya: ukilegeza kidogo, mzigo wote unaanguka upande mmoja ghafla. Vidole vinabanwa, na mara nyingine tripodi nzima inapinduka.

Kinachofaa lenzi nzito ni gimbali. Hii hushika lenzi ikining'inia kwenye mkono wenye umbo la L, uzito ukiwa sawa mbele na nyuma. Ukishaisawazisha, unaigeuza kwa kidole kimoja, na ukiiachilia inabaki palepale ulipoiacha. Wimberley ya Marekani ndiyo iliyojijengea jina kwa vichwa hivi, lakini leo viko vya bei nafuu zaidi. Kama unapiga video zaidi ya picha, chukua kichwa cha video chenye ukinzani wa mafuta, maana kinageuka polepole bila kuruka.

Na hili si la kujadili: funga tripodi kwenye mguu wa lenzi, ile kola yake, kamwe sio chini ya kamera. Ukifunga kwenye kamera, kilo 2 zote zinavuta ule mdomo unaounganisha viwili hivyo. Tumia pleti ndefu ili uweze kuisogeza mbele na nyuma ukitafuta usawa, na uhakikishe ina skrubu ndogo za kuizuia isichomoke.

Unapiga picha wapi?

Hapa ndipo wengi wanaweza kuokoa pesa. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 117, iko hapa tu ng'ambo ya Mombasa Road. Lakini ndani yake huruhusiwi kushuka gari ovyo, ila kwenye sehemu zilizotengwa. Sasa hiyo tripodi yako utaisimamisha wapi, kwa mapaja ya dereva? Mbugani dawa ni mfuko wa maharagwe. Mpelekee fundi wa cherehani jeans kuukuu ya Gikomba akushonee mto mdogo wenye zipu, ujaze kilo mbili au tatu za maharagwe kutoka dukani, ulaze juu ya dirisha la gari lililoteremshwa. Mwambie dereva azime injini. Lenzi inazama kwenye mfuko na inatulia kabisa. Usiache tu mfuko unyeshewe, maharagwe yataota. Na mkikwama kwa jam mkirudi, chakula mnacho.

Kwa mechi, mguu mmoja unatosha: monopodi. Tazama wapiga picha waliokaa nyuma ya goli Kasarani wakati wa CHAN, Agosti 2025. Lenzi kubwa zilikuwa juu ya monopodi, kwa sababu mchezaji akija kasi unasimama na kuondoka nayo. Kwenye uwanja wa mtaa ni hivyo hivyo: watoto wanakimbia kila upande, na miguu mitatu ni mitatu ya kukwaliwa.

Tripodi na gimbali ziwe za kazi ya kungoja: kongoti juu ya migunga ya Mombasa Road karibu na Nyayo, ndege bwawani, mwezi ukiwa juu ya mabati. Ukiwa juu ya ghorofa, kumbuka lori za Industrial Area zikipita sakafu nayo hutetemeka. Subiri ipite ndio ubonye, na utumie kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiisukume kamera. Kwenye tope, zamisha miguu kwanza, na mguu mmoja uelekee upande lenzi inakotazama. Upepo ukivuma, ning'iniza kibuyu cha maji cha lita 5 chini yake, hiyo ni kilo 5 za bure, lakini kiguse ardhi kisije kikabembea.

Jaribu dukani, sio nyumbani

Beba kamera na lenzi yako hadi dukani. Ndani ya duka, sio mlangoni, wajua Luthuli ilivyo. Refusha miguu yote, funga mzigo, elekeza bango la ng'ambo ya barabara, kisha ukuze picha kwenye skrini mara kumi. Gonga mguu kwa kidole uhesabu. Ikitulia baada ya sekunde moja, ongea bei. Ikiendelea kucheza hadi unamaliza kuhesabu tano, mwambie muuzaji asante.

Kama bei bado ni ngori, fanyeni chama. Watu wanne wakichanga wanaweza kupata tripodi moja ya maana na gimbali yake, na mkaandika ratiba ya nani anaichukua lini. Kamera huzeeka baada ya miaka michache, tripodi nzuri inaweza kukaa miaka kumi na zaidi. Wakati mnachanga, anza na mfuko wa maharagwe wiki hii na monopodi mwezi ujao. Lenzi ya kukodi ikianguka, mwenyewe hatakuuliza picha zilitoka aje, atashika dhamana yako na kudai iliyobaki.