Israfu Inayojificha Baina ya Mti wa Kahawa na Chanja

Mkulima wa Umatengo, huko Mbinga kusini mwa Tanzania, ambaye tangu enzi za mababu zake hukata nyasi za mteremkoni, akazilaza kwa miraba na kuzifukia kwa udongo hata zikawa mbolea katika kingo za mashimo yaitwayo ngoro, hahitaji kufundishwa na mgeni ubaya wa kupoteza kitu; lakini israfu aliyoifukuza shambani aghalabu humvizia katika kazi inayofuata mavuno.

Ili kuitambua, mafunzo ya kiwandani yaweza kutufaa: Taiichi Ohno, mhandisi wa kampuni ya Toyota huko Japani (1912–1990), aliainisha israfu za kiwandani katika mafungu 7: kutengeneza kupita haja, kungoja, kuhamisha vitu bila sababu, kuzidisha kazi isiyotakiwa, kulimbikiza ghalani, mwendo wa bure wa mfanyakazi, na kutoa bidhaa zenye kasoro. La kwanza aliliona baya kupita yote, kwa kuwa ndilo mama wa mengine: kitu kilichotengenezwa kabla ya kuhitajiwa hungoja, hujaza ghala, na kasoro yake haitambulikani mpaka imeenea. Kwa hiyo akaamuru kwamba fundi wa hatua ya mbele ndiye amwite wa nyuma, na asiyeitwa asitengeneze. Elimu ya namna hii, kwa jina la kaizeni, imekuwa ikienezwa viwandani mwetu tangu 2013 na Wizara ya Viwanda kwa msaada wa Wajapani.

Ama Mbinga, kahawa hudhihirisha maneno hayo waziwazi. Buni nyekundu ikishachumwa huanza kupata joto na kuchacha ndani ya gunia, na yapasa kuondolewa ganda siku ile ile. Ilhali katika kilele cha msimu watu huchuma kwa pupa, magunia yakapangwa mbele ya mashine ya kuondolea ganda isiyoweza kuyamaliza kabla ya usiku, na asubuhi punje chache zilizovunda zikatosha kuharibu ladha ya fungu zima. Mimi naona ni dhuluma kumwita mchumaji huyo mvivu au mzembe, maana amefanya kazi kupita kiasi, na kosa limo katika kukosa mpango. Lau msimamizi wa mashine angepima uwezo wake wa siku moja, kisha akawaita wakulima kwa zamu, buni ingengoja juu ya mti, ambako siku chache haziidhuru kama zinavyoidhuru saa chache za guniani.

Atakaye kuiona israfu hiyo na alifuate kapu moja, akiandika saa za kila hatua, lakini afahamu kwamba si kila kungoja ni hasara: kahawa iliyovundikwa birikani siku moja au zaidi inalegeza utelezi wake, na ile iliyo juani juu ya chanja inapoteza maji; zote mbili zimo kazini.

Kilomita zipatazo 66 kutoka Mbinga, pwani ya Ziwa Nyasa huko Mbamba Bay, kanuni ya Ohno hukuta mpaka wake, kwani ziwa halingoji kuitwa, na usipa, dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa kwa taa katika giza la mwezi, wingi wake ukiwa ni riziki ya usiku ule. Hata hivyo giza lenyewe lina kalenda, na masika yana miezi yake. Basi chanja za kuanikia, ambazo huwaepusha samaki na mchanga, zaweza kuongezwa kabla mwezi haujafifia, na kuni za kukaushia kwa moshi zikawekwa tayari kwa siku ambazo mvua haitaruhusu jua.