Moto Unaozimika Wenyewe Kifungilo

Ndugu msomaji, wewe unayelala Dar es Salaam madirisha yakiwa wazi na bado jasho linakutiririka, pengine utashangaa kusikia kwamba katika Mkoa wa Tanga wako watu wanaowasha moto chumbani ili wapate usingizi. Panda gari Mombo, zunguka kona za mlima hadi Lushoto, kisha endelea mpaka Kifungilo mwezi wa Julai. Ukungu wa huko huingia ndani bila kubisha hodi.

Katika nyumba moja nilimkuta mama mtu mzima akigombana na kipasha joto cha gesi alicholetewa na mwanawe. Kiliwaka vizuri kwa nusu saa hivi, kisha kikazimika ghafla. Akakiwasha. Muda si mrefu kikazimika tena.

"Mwanangu, hiki kimekufa," aliniambia. "Au gesi yenyewe ni ya uongo."

Mtungi ulikuwa umejaa, na mpira wake haukuwa umepindika. Lakini dirisha lilifungwa kabisa, na chini ya mlango palisokomezwa kanga kuukuu kuzuia upepo.

Hakikuwa kibovu hata kidogo. Ndani ya kipasha joto cha aina ile mna ulimi mdogo wa moto unaolamba ncha ya chuma iitwayo themokapo. Ncha hiyo ikipata moto hutoa umeme hafifu, na umeme huo ndio unaoshikilia mlango wa gesi uwe wazi. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 hivi katika kila 100. Katika chumba kilichozibwa moto huila oksijeni hiyo, na inapokaribia sehemu 18, ule ulimi mdogo huinuka na kuiacha ncha. Ncha hupoa, gesi hujifunga. Kuendelea kuwaka hapo kungezalisha monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi.

Tuliondoa kanga, tukafungua dirisha kiasi cha kiganja. Moto uliwaka mpaka tukamaliza chai, na baadaye pia.

Ziko sababu nyingine za kuzimika. Chombo kilichokaa stoo tangu baridi ya mwaka jana huingia vumbi na utando wa buibui katika tundu la hewa. Funga mtungi, acha kipoe, kisha kisafishe kwa brashi laini. Kikizimika mara tu unapoachia kitufe, pengine hukukishikilia kwa muda wa kutosha, au ncha imechafuka. Moto ukinywea polepole huku mtungi ukitoka jasho, hiyo ni baridi. Gesi ya mitungini ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hutangulia kutoka, na butani inayobaki huwa nzito kugeuka mvuke penye baridi. Usithubutu kuuota mtungi moto! Upumzishe. Na ukisikia harufu ya gesi, usiguse kiberiti wala swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Wako mafundi wa mitaani watakaokushauri kuiondoa ile ncha "inayosumbua". Fundi wa namna hiyo mkaribishe chai, lakini asishike bisibisi.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile ambacho mama yule alikusudia kufanya usiku ule: kuingiza jiko la mkaa chumbani, walikolala wajukuu wawili. Jiko la mkaa halina ncha ya kulizima. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa sumu ile ile, nayo huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwenye hewa safi upesi, kisha mpeleke hospitali.

"Sasa dirisha likiwa wazi si baridi itaingia?" mama aliniuliza.

Nilikiri kwamba itaingia.

"Basi nitaongeza blanketi," alisema, akakizima mwenyewe, akaenda kuwafunika wajukuu.