Tumbo Lako, Leba Yako: Nani Anaamua?

Ukitaka kujua una washauri wangapi, beba mimba. Mama mkwe anataka ukajifungulie kwake. Shosti wa ofisini anakwambia, "Kapigwe kisu tu, siku hizi nani anasukuma?" Mumeo naye ameshachagua hospitali kwa sababu ina maegesho mazuri. Anayesahaulika kuulizwa ni mmoja: wewe.

Mimba yangu ya kwanza niliyaona yote hayo. Mama mkwe alinitaka Moshi. Nikamwambia kwa upole, "Mama, nitakuja kwako kupumzika, lakini leba nataka niwe karibu na daktari anayenijua." Alinuna siku mbili, halafu akapanda basi kuja Dar na ndizi za mtori.

Mume wangu alikuwa mgumu zaidi. Alitaka oparesheni ya kupanga tarehe, apate kuomba likizo mapema! Nikamwambia, "Baba, hili tumbo, siyo kikao."

Si mambo ya Kizungu

Wengine hudhani kuchagua ni kudeka. Hapana. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mapendekezo kuhusu huduma ya kujifungua. Mama awe na mtu anayemtaka yeye pembeni yake. Achague mkao unaomfaa, hata kuchuchumaa, siyo lazima alale chali. Mwenye afya njema akiomba dawa ya maumivu, asikilizwe. Na asiongezwe njia kwa mkasi kama mazoea tu.

Huku kwetu pia inawezekana. Mkoani Kigoma, kuanzia 2016, vituo kadhaa vya afya vilijaribu kuwaruhusu wajawazito kuwa na msindikizaji leba. Tatizo mara nyingi ni nafasi: wodi ni moja, vitanda vimebanana, pazia hakuna. Ndiyo maana uulize mapema. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda ilikataa katakata. Ya pili ilikubali mwanamke mmoja. Nikamchagua dada yangu. Alinisugua mgongo usiku kucha, mume wangu akihesabu vigae koridoni.

Chagua, ila kwa akili

Haki hii haina maana ujifungie chumbani na bibi wa mtaani. Damu nyingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama mzima kwa muda mfupi, na sindano ya kuizuia iko kwa mkunga mwenye ujuzi. Watanzania wengi wanalijua hilo: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha asilimia 63 ya uzazi ulikuwa kwenye vituo vya afya, na ule wa 2022 ulionyesha asilimia 81. Lakini nesi akimtukana mama leo, mimba ijayo anaweza kubaki nyumbani. Heshima nayo ni tiba.

Kisu nacho kisichezewe. Kinaokoa maisha kinapohitajika, lakini mwaka 2015 WHO ilieleza kwamba katika jamii nzima, oparesheni zikipita asilimia 10, hakuna ushahidi kwamba vifo vinazidi kupungua. Kila kovu huongeza hatari kwa mimba zinazofuata. Na ule usemi wa "ukipasuliwa mara moja utapasuliwa daima" siyo kweli kwa kila mtu. Wengi waliopasuliwa mara moja huweza kujifungua kawaida, mradi wawe hospitali inayoweza kufanya oparesheni haraka.

Yaulizeni mkiwa wawili

Kabla ya mwezi wa nane, nendeni wote kliniki mkaulize:

• Nani ataruhusiwa kuingia na mimi leba?
• Naweza kutembea na kuchagua mkao?
• Kuna dawa gani za maumivu, na bei yake?
• Usiku daktari wa upasuaji na damu vipo?
• Mkishauri oparesheni, mtanieleza sababu kabla sijasaini?

Majibu ya kukwepakwepa nayo ni majibu. Tafuteni kwingine mapema, kwa kadiri ya mfuko wenu.

Na wewe kaka unayesoma hapa, kazi yako siyo kuamua wala kukaa kimya. Jua anachotaka mwenzio, kikariri, maana uchungu ukishakolea hataweza kubishana na nesi. Siku hiyo wewe ndiye sauti yake, hakikisha unasema maneno yake, siyo yako.