Binti Anayejinyima Chakula: Saumu Yake Ikoje?

Sifa zote njema ni za Allaah. Tunaulizwa kuhusu binti anayefunga mfululizo, kumbe anakimbia sahani, au anayekula kisha akajitapisha chooni.

Rahaleo ya Mtwara ni kama Unguja na Pemba: tunamwita mtoto "bonge" au "sindano" tukidhani ni utani. Yeye thamani yake anaisoma kwenye mizani, na hata akikonda bado anajiona mnene. Huu ni maradhi, si deko wala jini (na tusikimbilie kombe kabla ya daktari). Kujitapisha hushusha potasiamu mwilini, na moyo huweza kusimama.

Mgonjwa ambaye saumu itamdhuru anaruhusiwa kula, kwa dalili ya Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, naye atalipa akipona. Asiyetarajiwa kupona atatoa fidia, kibaba kimoja kwa kila siku kwa Mashafi'i. Aliyejitapisha kwa makusudi saumu yake imebatilika, atailipa. Aliyezidiwa na matapishi bila kutaka, saumu yake ipo.

Wazazi, msimsimange sahani. Kuleni naye, kisha mpelekeni hospitali. Walio Mtwara wanayo ya Ligula.

Wallaahu a'lam.